Debe la Mahindi Niliyoyaosha

Wenzangu wa jumuiya, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: mmoja kisimani, mwingine mlangoni pa kanisa, mwingine hata msibani, tena marehemu bado yuko ndani. Nimechoka kusimulia vipande. Haya ndiyo yote. Nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono ulioshika kalamu kwenye kisomo cha watu wazima wakati nina wajukuu wawili tayari. Makosa ya herufi nisameheni. Makosa mengine mtayaona wenyewe.

Nyumbani, kabla sijatoka

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Ushirika umelala, mbolea ya serikali hakuna tena, tumeambiwa soko ni huru na kila mtu ajitafutie. Wanunuzi wa kahawa wanakuja na mizani zao kwenye magari, kila mmoja na bei yake. Ndipo ukaja mradi. Bwana shamba wetu, yule kijana wa Kipare, akatukusanya shuleni na kutugawia mbegu ya mahindi kwa kisado, kutoka gunia moja kubwa. Mbegu nyekundu kama midomo ya bibi harusi wa mjini.

Akasema, "Mbegu hii si ya kula. Ni ya kupanda, kwa kamba, mistari iliyonyooka."

Mistari! Shamba langu limening'inia mlimani. Ukilima mistari huko, mvua ya kwanza inakuletea udongo wote jikoni. Mimi nimechimba ngolo, yale mashimo yetu sisi Wamatengo ya kushika maji, tangu kifua changu ni bapa. Lakini aliyekataa mbegu aliambiwa atafutwa kwenye orodha ya mbolea. Basi nikaitikia, nikachukua kisado changu na vya wanangu wawili, nikaenda kupanda mbegu yangu ya siku zote ndani ya ngolo zangu. Ile nyekundu nikaiweka darini.

Siku hizo hizo ikaja barua ya Koleta, binti yangu wa mwisho, aliyeolewa Chiwanda kule ziwani. Mihogo yao imeozea shambani, wanakula mara moja kwa siku, naye ana mimba ya miezi sita. Nikatazama dari.

Wekundu ule nilidhani ni rangi tu. "Si ya kula" nimeisikia maisha yangu yote, nami mwenyewe nimewaambia watoto hivyo kila mwaka nikificha mbegu. Maana yake ni kwamba ukila leo, kesho utapanda nini. Nikaosha mahindi yale kwa maji ya majivu, mara tatu, mpaka yakawa meupe kama meno. Maji nikayamwaga penye kishimo nyuma ya jiko. Nikaanika kwenye mkeka wangu mpya. Kuku wangu sita wakafa ndani ya siku mbili, nikasema kideri kimeingia. Nikaongeza mahindi yangu kidogo juu yake, debe likajaa, nikalipeleka kwa lori linaloshuka Mbamba Bay. Nikatembea kwa maringo siku nzima. Mama aliyempelekea mwanawe chakula.

Siku ya nne bwana shamba akapita.

"Shikamoo bibi. Mbegu imeota?"

"Marahaba. Inaota."

Alikuwa anatazama kishimo nyuma ya jiko, udongo mwekundu, na manyoya ya kuku.

"Bibi, uliosha ile mbegu?"

"Kuosha ni dhambi?"

Akakaa chini, pale pale kwenye tope, na suruali yake ya kazini. "Bibi, ile ni sumu. Imepakwa dawa ya wadudu. Nani amekula?"

"Ulisema si ya kula. Hukusema sumu."

"Kwenye semina tuliambiwa tusiwatishe wakulima, wasije wakaikataa." Akanitazama kama mtoto aliyevunja chungu. "Nani amekula, bibi?"

Nikachukua kikapu changu. Chiwanda hakuna simu. Kulikuwa na mimi tu.

Mpaka Mbinga

Bwana shamba ana pikipiki ya mradi, lakini petroli huja na wageni, na wageni walikuwa hawajaja. Alinisindikiza kwa miguu mpaka barabarani, amenibebea kikapu. Njiani akanifundisha dalili: mate kutoka mengi, kutapika, jasho, mikono kutetemeka. Nilimwambia anyamaze. Baada ya hatua kumi nikamwambia arudie.

"Nikufuate, bibi?"

"Wewe kaa, uwaulize wengine kama wameosha. Lakini kwa nini nimesafiri, usimwambie mtu."

Hapo mnaniona nilivyo. Mwanangu anaweza kuwa amekufa, nami nafikiria watu watasema nini.

Mbinga nilifika mchana, nikapata lori la mfanyabiashara mmoja. Linashuka na mitumba na kreti za soda, linapanda na samaki. Dereva ni kijana wa Tingi, mcheshi, mdomo hauna breki.

"Bibi, unakwenda kuogelea?"

"Nakwenda kumwona binti."

"Amejifungua?"

"Endesha gari, mwanangu."

Mteremko

Ile barabara ya kushuka ziwani mnaijua, na wasioijua wamshukuru Mungu. Mvua ilikuwa imeilainisha kama uji. Kila kona nilitazama chini nikaona vilele vya miti, si mashina. Lakini, niwaambie kweli, shimo halikunitisha. Nilikuwa nahesabu. Debe lilifika Jumatatu au Jumanne. Koleta hupika kwa kibaba. Wako sita nyumbani. Nikawa nawapakulia kichwani, sahani moja moja, na kila sahani niliyopakua niliona uso wa anayekula.

Tulinasa kwenye tope mchana ungali mrefu. Wanaume wakashuka kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Mama mmoja wa nyumba iliyo jirani na barabara akatuletea mahindi ya kuchemsha kwenye ungo, bure, kwa huruma yake. Abiria wenzangu wakayarukia. Akaninyoshea na mimi. Nilipoona zile punje zimejipanga pale, nikaufunika mdomo kwa khanga.

"Yana nini mahindi yangu?" akauliza.

"Hayana kitu, mama. Mimi ndiye mgonjwa."

"Wamatengo wa mjini hao," akasema kwa wenzake, wala hakushusha sauti. "Wanataka mkate." Nikalimeza hilo badala ya mahindi.

Ndipo likaja gari jeupe la mradi, lenye mlingoti wa simu mbele, likashuka polepole na kupita pembeni ya lori letu bila shida. Nikaingia katikati ya barabara na kikapu changu. Likasimama. Ndani kulikuwa na wageni wawili na viti vitupu.

Dereva akashusha kioo. "Mama, pisha. Gari hili ni la mradi, haliruhusiwi kubeba raia."

"Mradi wa nini?"

"Wa kuinua wakulima."

"Mimi ni mkulima. Basi niinue, uniweke hapo nyuma."

Wenzangu wa lorini wakacheka sana. Mgeni mmoja naye akacheka, ingawa sidhani alielewa. Akauliza kitu kwa lugha yao, dereva akanigeukia: "Anauliza, una shida gani?"

Sikilizeni hapa. Neno lilikuwa mdomoni. Ningesema, mbegu yenu nimewalisha wanangu, pengine wangenichukua, na kabla ya jua kuzama ningekuwa Mbamba Bay. Lakini watu wote wa lori walikuwa wamesimama wanatazama, na yule mama wa mahindi, na dereva wa Tingi. Nikasema, "Nimechoka tu."

Gari likaondoka. Sisi tulitoka kwenye tope jua likiwa limelala. Hilo ndilo ninaloliungama kila Jumamosi, na padri amechoka nalo.

Mbamba Bay

Nililala kwa mama lishe mmoja karibu na gati, kwenye mkeka, kwa hisani yake. Alinipa ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani. Mnanijua ninavyousema ugali wa muhogo: gundi ya kubandikia bahasha. Siku ile niliula wote nikalamba vidole, kwa sababu haukuwa mahindi.

Alfajiri nikaenda kutafuta boti ya kwenda kusini. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapiga mpaka kwenye nyavu zilizoanikwa. Mwenye boti alikuwa amejifunika blanketi, anakunywa chai.

"Leo hatoki mtu, bibi."

"Kesho?"

"Muulize yeye," akasema, akanyosha kidole majini.

Nilikaa kwenye jiwe nikalia kidogo. Hapo akanijia mama mmoja mwenye beseni tupu kichwani, mchuuzi wa dagaa, jina lake Skola. Yeye anakwenda kwa miguu vijiji vya kule kule kufuata mzigo.

"Shikamoo mama. Unaweza kutembea?"

"Mimi natoka mlimani. Wewe unaweza kupanda?"

Akacheka. Tukaondoka.

Kwa miguu, pwani ya ziwa

Njia ni mchanga, kisha mawe, kisha mchanga tena. Mchanga unakula nguvu. Unapiga hatua mbili, moja unarudishiwa. Skola alikuwa msemaji. Alisimulia mume aliyekwenda kutafuta kazi akasahau kurudi, na bei ya dagaa siku hizi, wenye malori wanapanga wanavyotaka. Mimi nilikuwa naitikia ehe, ehe. Kila mtu tuliyekutana naye akitoka upande wa Chiwanda nilimtazama mikono, kama ina udongo wa kaburi.

"Huko kwema?" nikawa nawauliza.

"Kwema kidogo," akajibu mzee mmoja.

Hiyo "kidogo" ilinitembeza saa mbili nzima kwa mbio. Skola akaanza kunikimbilia nyuma.

"Mama, unafukuzwa na nani?"

Tulifika mtoni. Mvua ilikuwa imeujaza, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mvushaji ana mtumbwi wa gogo moja, mwembamba, na ndani maji yamejaa mpaka kisigino.

"Bibi, kaa katikati, usicheze," akasema. "Huku chini kuna mwenyeji mwenye meno mengi. Juzi amechukua mbuzi."

Mimi sijui kuogelea. Milimani tuogelee wapi? Nilishika rozari mkono mmoja na mkono mwingine nikamshika Skola khanga, na katikati ya mto, mtumbwi unayumba, nikajikuta nazungumza kwa sauti: "Nimewapelekea sumu. Mungu wangu, nimewapelekea sumu."

Mvushaji akaacha kupiga kasia. Mtumbwi ukaanza kwenda na maji.

"Umesema nini?"

Skola naye akajivuta, khanga yake ikanitoka mkononi. Nyinyi mnajua bibi kizee mgeni akisema neno kama hilo, watu wanafikiria nini. Niliona macho yao. Ikabidi niwaeleze, haraka haraka, mbegu nyekundu, majivu, debe, kuku sita. Ndio watu wa kwanza niliowaambia, wawili nisiowajua, katikati ya maji yenye mamba.

Mvushaji akapiga kasia kwa nguvu mpaka mtumbwi ukapanda mchanga ng'ambo. "Nenda, bibi. Usinilipe. Nenda."

Na Skola akaweka beseni lake chini ya kichaka, akanichukulia kikapu changu. "Twende, mama. Dagaa hawakimbii."

Kwa Koleta

Tulifika jua limeanza kuinama. Kwanza niliona paa. Kisha niliona uani.

Wanawake kumi na zaidi wameketi chini, kwenye mikeka, miguu wameinyosha, vilemba kichwani, kimya. Hakuna anayecheka. Hivyo ndivyo watu wanavyoketi penye msiba, huku kwetu na kule kwao. Sikuuliza. Nilijitupa chini, nikapiga yowe: "Koleta wangu! Mwanangu weee! Ni mimi nimekuua!"

Wanawake wakaruka juu. Kulia penye nyumba isiyo na maiti ni kuiita maiti. Mmoja akasema, "Nani huyu anatuletea balaa?"

Na Koleta akatoka jikoni, tumbo mbele, mwiko mkononi.

"Mama?"

Nilimshika mikono yote miwili. Haikutetemeka. Nikamnusa mdomo kama mnavyomnusa mtoto aliyeiba asali. "Mahindi yako wapi? Mahindi yangu yako wapi?"

Hapo ndipo mama mkwe wake, Bibi Hilda, akainuka. Mwanamke mrefu, mkavu, hana mchezo. "Mama Koleta, karibu. Umetoka mlimani mpaka huku kudai mahindi uliyotoa mwenyewe?"

"Sidai."

"Umeingia na yowe, hujasalimu, unauliza mahindi. Ndiyo mila ya kwenu?"

"Yako wapi?"

Akajivuta juu. "Nimeyapanda. Punje kubwa vile, za kufanana, mimi nile? Mimi ni mkulima. Nimewaalika wanawake hawa, tumelima tangu alfajiri, tumepanda yote pale mbugani. Binti yako alilia anataka tuyale, nikamkatalia siku nne. Nimebakiza vibaba viwili tu vya kuwapikia kande waliolima, kwa sababu sina kingine."

Kwao ni kama kwetu kwenye ngokela: ukialika watu shambani, unawalisha. Wale wanawake hawakuwa msibani. Walikuwa wamechoka, wana njaa, wanangoja chungu.

Nilikwenda jikoni. Chungu kilikuwa kinachemka, kande na maharage, harufu nzuri kabisa. Nikakipiga teke. Mguu wangu una kovu mpaka leo, mmeliona. Kande yote ikamwagika kwenye majivu.

Wanawake kumi na zaidi, tangu alfajiri, katika mwaka wa njaa, wanatazama chakula chao ardhini na bibi kizee wa Kimatengo amesimama juu yake. Mmoja aliinama kuokota. Nikampiga mkono.

Nikawaambia yote. Sikuacha kitu. Nilisema mimi ndiye niliyeosha, mimi ndiye niliyeficha, gari lilisimama nami nikaona haya. Skola akasimama kando yangu akawa anasema "ni kweli" kila nilipovuta pumzi.

Bibi Hilda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Koleta. "Umeonja?"

Koleta akaweka mkono tumboni. "Nimeonja chumvi. Mara tatu."

Mara tatu. Mpishi gani haonji chumvi?

Haikupita muda akaanza kutoka jasho. Kisha akatapika. Tulimbeba kwa machela ya khanga, wale wale wanawake wenye njaa, mpaka kwenye zahanati. Bibi Hilda mbele kulia, mimi mbele kushoto, na katika njia yote hakunisemesha. Mganga alimpa dawa, akatuambia tumtazame. Tukamtazama. Kila mtoto alipotulia tumboni, Koleta alininyamazia, na kila alipocheza, aliuchukua mkono wangu akauweka pale. Asubuhi jasho likakauka. Akaomba uji.

"Wa nini?" akauliza Bibi Hilda.

"Wa muhogo," nikajibu mimi, kabla yake.

Hapo Bibi Hilda akacheka, mara moja tu, puani. Lakini alicheka.

Kurudi

Nilikaa siku nane. Wiki ile mbegu ikaota mbugani, kwenye ardhi tambarare, kijani kibichi, safi. Huko mistari ingefaa kabisa, lakini huko mradi haujafika. Tulizungushia miiba ili kuku na watoto wasifukue. Safari ya kupanda sina la kusimulia, nililala njia nzima.

Mnajua mkutano uliofuata shuleni, maana mlikuwepo. Bwana shamba alisimama na gunia jipya, na wale wageni wa gari jeupe nyuma yake. Akasema, "Mbegu hii si ya kula." Nikainuka.

"Mwanangu, sema neno lenyewe."

Akawatazama wageni. Akanitazama mimi. "Ni sumu," akasema. "Ni sumu, wazazi wangu, hata ukiosha."

Wageni wakaulizana kwa nini watu wamenyamaza vile. Mimi najua kwa nini. Nilihesabu vichwa vilivyoinama, na nyinyi mnaoniuliza ni miongoni mwao.

Koleta atajifungua mwezi ujao. Mganga alisema ni mapema kujua kama mtoto amedhurika. Kila lori linapopanda kutoka ziwani natoka mlangoni, na kila likipita bila barua narudi ndani, sijui nishukuru au niogope. Na ule mkeka wangu mpya, wekundu umekataa kutoka. Nilitaka kuuchoma. Badala yake nimeutundika nje, kwenye ukuta unaotazama njia ya kanisani, ili kila anayepita auone. Njooni muutazame vizuri, kisha mrudi nyumbani mkaitazame mikeka yenu.